Nusu ya Kuonana: Barua za Jamaa na Kimya cha Mwandikiwa katika Pwani ya Kusini na Unguja, 1837–1896

Utangulizi

Waswahili husema kwamba waraka ni nusu ya kuonana. Kwa kawaida methali hii huchukuliwa kuwa ni sifa ya waraka: aliye mbali hukaribishwa, na bahari iliyotenga jamaa hupunguzwa upana wake. Hata hivyo, methali yenyewe imepima maneno yake kwa uangalifu. Haikusema kwamba waraka ni kuonana. Imesema ni nusu. Nusu ya pili imo mikononi mwa mwandikiwa, ambaye hana budi kupokea, kusoma au kusomewa, na hatimaye kujibu. Jibu lisipokuja, mwandishi hubaki na nusu yake peke yake.

Makala haya yanakusudia kuchunguza nusu hiyo iliyokosekana. Yanadai kwamba barua ya jamaa katika pwani ya Afrika Mashariki ya karne ya kumi na tisa ni utanzu wa fasihi wenye kanuni zake, na kwamba kitovu cha utanzu huo ni salamu na majibu ya salamu, wala si habari inayobebwa. Kwa hiyo, mhakiki anayeruka salamu ili aifikie habari huwa ameuacha ubishi mkuu wa matini nyuma yake. Dai hilo litapimwa kwa mifano miwili. Wa kwanza ni ukoo wa Mazrui wa Gazi, katika pwani ya kusini ya Kenya. Wa pili ni Sayyida Salme binti Said, binti wa Sultani wa Unguja, ambaye alihamia Hamburg na kujulikana huko kwa jina la Emily Ruete. Mwishoni makala yatarudi Kikoneni, kijiji cha Wadigo kilichoko bara ya Shimoni na Vanga, katika eneo la vilima vya Mrima na Dzombo. Huko jahazi halifiki. Kwa sababu hiyohiyo Kikoneni ni mahali pazuri pa kuulizia swali ambalo bandari hazijiulizi: jamaa asiye na kalamu alionanaje na jamaa yake?

Njia ya waraka

Kabla ya kuzungumzia fani, inafaa kueleza jinsi barua ilivyosafiri, kwani umbo la barua halitengani na muda wa safari yake. Pwani ilikuwa na desturi ya kuandikiana muda mrefu kabla ya karne inayohusika hapa. Barua za Kiswahili za mwanzo zinazojulikana, zilizoandikwa Kilwa mwaka 1711 kwa hati za Kiarabu, zimehifadhiwa Goa. Barua hizo zilipelekwa kwa Wareno wa Msumbiji na washirika wao. Kwa muda mrefu uwanja wa maandishi hayo ulikuwa Bahari ya Hindi, ambako waraka ulifuata pepo za kaskazi na kusi. Aliyekosa msimu hakuwa na la kufanya ila kungoja mwingine.

Katika karne ya kumi na tisa Bahari ya Atlantiki nayo iliingia katika njia hiyo. Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba na Marekani mwaka 1833. Machi 1837 Richard Waters wa Salem, Massachusetts, alifika Unguja akiwa balozi wa kwanza wa nchi hiyo. Mwaka 1840 merikebu ya Sultana, ikiwa na mjumbe wa Sayyid Said, Ahmad bin Naaman, ilizunguka Rasi ya Tumaini Jema na kutia nanga New York mwishoni mwa Aprili. Wafanyabiashara wa Hamburg walipita njia hiyohiyo ya Rasi. Miongoni mwao nyumba ya O'Swald ilichukua kauri kutoka Unguja na kuzipeleka Afrika Magharibi, zilikotumika kama fedha. Kwa hiyo, mtu aliyeandika barua Unguja kwenda Salem au Hamburg kabla ya Mfereji wa Suez kufunguliwa mwaka 1869 aliitia katika chombo kilichobeba pembe, karafuu, ngozi na kauri, na waraka wake ulivuka bahari mbili kabla ya kufunguliwa.

Baada ya hapo mambo yalibadilika upesi. Mwaka 1872 meli za kampuni ya British India zilianza kuleta barua Unguja kila mwezi kwa njia ya Aden. Mwaka 1879 waya wa simu wa chini ya bahari uliiunganisha Unguja na Aden. Mei 1890 kampuni ya Kiingereza iliyotawala pwani ya Kenya ilifungua posta Mombasa na Lamu. Mabadiliko haya yana umuhimu wa kifasihi. Barua inayongoja msimu wa pepo hulazimika kusema yote kwa pamoja, kwa maana huenda mwandishi asipate nafasi nyingine. Kifo, ndoa, deni na salamu za majirani zote huingia katika ukurasa mmoja. Inayongoja meli ya mwezi inaweza kuacha jambo hadi mwezi ujao. Kimya nacho hubadilika maana. Zama za pepo, kimya cha mwaka mzima kiliweza kusamehewa kwa kuisingizia bahari. Zama za meli ya mwezi, kimya kilianza kusomeka kuwa ni uamuzi wa mtu.

Fani ya barua: salamu kama hoja

Mwaka 1892 Carl Büttner alitoa Berlin mkusanyo wa maandishi ya Waswahili kwa hati za Kiarabu, na ndani yake zimo barua. Anayesoma barua za aina hiyo hukutana na muundo unaojirudia. Hutangulia jina la Mwenyezi Mungu. Hufuata jina la mwandikiwa pamoja na sifa zake, jina la baba na mara nyingi la babu, halafu dua ya kumtakia amani na maisha marefu. Kisha huja hali ya mwandishi: kwamba yu mzima, na kwamba hana la kumsikitisha ila kutoonana. Baada ya hayo yote ndipo linapokuja neno la kugeuzia, lenye maana ya "ama baada ya salamu", na habari yenyewe. Mwishoni salamu hurudi, safari hii zikiwa orodha: msalimie fulani, na fulani, na wote wa nyumbani, na waliopo hapa wanakusalimu.

Kwa mwanahistoria anayetafuta bei ya pembe au tarehe ya vita, sehemu ya kwanza na ya mwisho ni maganda ya kumenywa. Mhakiki wa fasihi hana ruhusa ya kumenya hivyo. Kwanza, mpangilio wa sifa na majina humweka kila mtu mahali pake: nani ni mkubwa, nani ni mdogo, nani ni ndugu na nani ni rafiki tu. Pili, orodha ya mwisho ni sensa ya udugu. Anayetajwa yumo katika jamaa. Anayerukwa hujua kwamba amerukwa, na hata majirani waliokaa kusikiliza hujua. Hapa pana jambo la tatu, nalo ni kubwa zaidi. Barua mara nyingi haikuwa siri baina ya wawili. Iliandikwa na mwalimu wa chuo kwa niaba ya asiyejua kuandika, ikachukuliwa na nahodha au msafiri, na ilipofika ikasomwa kwa sauti mbele ya watu. Ilikuwa na hadhira, kama ilivyo na hadhira ngano au utenzi. Msomaji mmoja alitoa sauti, na waliotajwa waliitikia salamu zao hapohapo. Huko kuitikia ndiko mwanzo wa nusu ya pili ya kuonana.

Fani hii iko karibu na ushairi wa wakati wake. Mwana Kupona binti Mshamu, aliyetunga utenzi wake kiasi cha mwaka 1858 kwa ajili ya binti yake Mwana Hashima, alimwita bintiye asogee na kushika kalamu kabla ya kumpa wasia. Ingawa mama na binti hawakutenganishwa na bahari, utenzi huo una mambo ya waraka: mwandikiwa anayejulikana kwa jina, nasaha za jamaa, na mwandishi anayejua kwamba maneno yatabaki baada yake. Mpaka baina ya waraka na utungo haukuwa ukuta, ulikuwa mlango.

Gazi: udugu unapoandikwa na serikali

Februari 1837, mwezi mmoja kabla ya balozi Waters kufika Unguja, utawala wa Mazrui wa Mombasa ulianguka mikononi mwa Sayyid Said. Liwali wa mwisho, Rashid bin Salim, alikamatwa pamoja na wakuu kadhaa wa ukoo wake, wakapelekwa Bandar Abbas, katika Ghuba ya Uajemi. Hawakurudi. Waliosalia waligawanyika: baadhi walikwenda Takaungu, kaskazini ya Mombasa, na wengine Gazi, kusini. Kwa hiyo Gazi, kama mji wa ukoo huo, ulianza na jamaa iliyokatwa na bahari. Aliyekuja kuwa mkubwa wa Gazi, Mbaruk bin Rashid, alikuwa mtoto wa liwali yule aliyechukuliwa. Sheikh al-Amin bin Ali al-Mazrui (1891–1947), aliyepata kuwa Kadhi Mkuu wa Kenya, aliandika kwa Kiarabu historia ya ukoo huo. Umuhimu wake kwa hoja ya makala haya ni kwamba ni historia iliyoandikwa na mmoja wa jamaa. Ndani yake nasaba ni uti wa mgongo wa masimulizi, kama ilivyo katika salamu za barua.

Mwaka 1895 nasaba hiyo ilijaribiwa. Salim bin Khamis wa Takaungu alifariki mwezi wa Februari. Waingereza walimtambua mwanawe kijana, Rashid bin Salim, badala ya binamu yake mkubwa zaidi kwa umri, ambaye naye aliitwa Mbaruk bin Rashid. Hivyo katika nyaraka za mwaka huo wamo Mbaruk bin Rashid wawili, wa Takaungu na wa Gazi, na kijana Rashid bin Salim mwenye jina la liwali aliyefia uhamishoni. Maofisa wa Kiingereza waliona tabu kuwatenganisha, wakawaongezea majina ya miji. Kwa mwandishi wa barua za Kiarabu tabu hiyo haikuwapo, kwani jina la babu lilitosha: huyu ni bin Khamis, yule ni bin Salim. Kile kilichoonekana na mgeni kuwa urefu usio na kazi katika anwani ndicho kilichokuwa kikieleza chanzo cha ugomvi wote.

Ugomvi ulipopamba moto, waasi wa Takaungu walikimbilia upande wa Gazi. Serikali ilimtaka Mbaruk mkubwa ajitenge nao. Aliyekuwa akipokea posho ya Waingereza na kukaa nao kwa amani alitakiwa kuchagua baina ya amani hiyo na damu yake. Hapa ndipo lugha ya barua inapodhihirisha uzito wake. Katika desturi ya uandishi wa Kiarabu wa pwani, hata barua ya serikali humwita mwandikiwa mpenzi, rafiki au ndugu. Maneno ya udugu yalikuwa yameazimwa na dola kwa muda mrefu. Sultani aliwaandikia hivyo maliwali wake, na Waingereza, walipokuja, waliyaokota maneno hayohayo pamoja na makarani waliojua kuyapanga. Mbaruk basi aliwekwa kati ya salamu mbili zenye sura moja. Moja ilitoka kwa aliyemwita ndugu kwa mujibu wa adabu ya uandishi, na nyingine kwa aliyekuwa ndugu kweli. Alimjibu wa pili.

Matokeo yanajulikana. Agosti 1895 majeshi ya Kiingereza chini ya Admeri Rawson yaliteka Mwele, ngome ya Mbaruk iliyokuwa bara ya Gazi. Vita viliendelea msituni na katika vijiji hadi Aprili 1896, ambapo Mbaruk alivuka mpaka na kujisalimisha kwa Wajerumani pamoja na mamia ya wafuasi wake. Alikaa Dar es Salaam hadi kufa kwake. Ahmed Idha Salim, katika kitabu chake cha mwaka 1973 juu ya Waswahili wa pwani ya Kenya, ameeleza vita hivyo kwa upande wa siasa na matokeo yake. Kwa upande wa fasihi inafaa kuongeza kwamba jamaa hii ilikatwa mara mbili: mwaka 1837 kwa bahari, na mwaka 1896 kwa mpaka. Mpaka huo, uliochorwa na Waingereza na Wajerumani mwaka 1886 kutoka mlango wa mto Umba kwenda Ziwa Jipe, uliwakata pia Wadigo, Wasegeju na Wavumba. Watu hao waliamka siku moja wakakuta kwamba salamu ya kupeleka kijiji cha pili inakwenda nchi ya pili.

Salme: mwandishi asiyejibiwa

Upande wa ukoo ulioshinda mwaka 1837 nao ulikuwa na jamaa yake iliyokatika. Sayyida Salme alizaliwa Mtoni, Unguja, mwaka 1844. Katika kumbukumbu zake, zilizotolewa kwa Kijerumani mwaka 1886, ameeleza kwamba mabinti wa nyumba yao walifundishwa kusoma Kurani lakini hawakufundishwa kuandika. Yeye alijifunza kwa siri, akinakili herufi za msahafu juu ya mfupa wa bega la ngamia. Mwaka 1859, kaka yake Barghash alipokula njama ya kumpindua kaka yao mwingine, Sultani Majid, Salme alikuwa na miaka kiasi cha kumi na mitano. Kwa kuwa alijua kuandika, alifanywa karani wa njama. Barua zake za kwanza zenye uzito, basi, zilikuwa barua za ndugu dhidi ya ndugu. Njama ilishindwa, Barghash akapelekwa Bombay, na Salme akabaki Unguja. Baadaye alipatana na Majid, jambo ambalo Barghash hakulisahau.

Agosti 1866 Salme aliondoka Unguja kwa manowari ya Kiingereza kwenda Aden. Alikuwa na mimba ya Heinrich Ruete, mfanyabiashara wa Hamburg. Mwaka 1867 alibatizwa na kuolewa huko Aden, kisha wakaenda Ujerumani. Mtoto wao wa kwanza alikufa akiwa mchanga. Baadaye walizaliwa mabinti wawili na mtoto wa kiume. Agosti 1870 Ruete alikufa kwa ajali ya tramu. Mwezi wa Oktoba Majid naye akafa, na Barghash akawa Sultani. Mjane mwenye watoto watatu alibaki katika nchi ya ugeni. Ndugu pekee mwenye uwezo wa kumrudisha alikuwa yule ambaye zamani alimwandikia barua za siri.

Barghash hakuitikia. Mwaka 1875 alipozuru London, Salme alikwenda huko kwa matumaini ya kuonana naye, lakini maofisa wa Kiingereza waliliziba jambo hilo. Mwaka 1885 alirudi Unguja akiwa amefuatana na manowari za Kijerumani. Barghash alikataa kumwona. Mwaka 1888, Barghash alipokwisha kufa, alirudi tena bila mafanikio. Ni kweli kwamba siasa ilikuwa na sehemu yake: Wajerumani walimtumia, na urithi aliodai ulikuwa mali halisi. Hata hivyo, kimya cha Barghash kilifuata pia mantiki ya salamu iliyoelezwa hapo juu. Kumjibu kungekuwa kumweka tena katika orodha ya jamaa. Kwa kumwacha bila jibu, alimtoa katika orodha hiyo mbele ya hadhira nzima ya Unguja, na hakuhitaji kuandika hata neno.

Katika mazingira hayo ndipo inapofaa kusoma maandishi yake mengine, Barua za Nyumbani. Salme aliyaandika kwa umbo la barua kwa rafiki mwanamke wa Unguja ambaye hakutajwa jina, akimsimulia maisha yake tangu safari ya Aden: nyumba za Hamburg zilizofungwa madirisha kwa baridi, mavazi, chakula, kifo cha mumewe, umaskini, na kuhama mji baada ya mji. Muswada haukuchapishwa wakati wa uhai wake. Alifariki Jena mwaka 1924, na maandishi hayo yalitolewa kwa tafsiri ya Kiingereza mwaka 1993 chini ya uhariri wa E. van Donzel.

Kuna jambo moja katika maandishi hayo linalostahili uzito kuliko lilivyopewa: yameandikwa kwa Kijerumani. Rafiki wa Unguja asingeweza kuyasoma wala asingepata mtu wa nyumbani wa kumsomea. Mwandikiwa, basi, ni mhusika wa kubuni. Wapo watakaosema kwamba hilo linayatoa maandishi haya katika barua na kuyatia katika tawasifu ya Kizungu, ambayo imejivika umbo la barua kwa kufuata mtindo wa Ulaya. Hoja hiyo ina nguvu, kwani mtindo wa kusimulia kwa barua ulikuwa umeenea Ulaya tangu karne ya kumi na nane, na Salme aliwaandikia wasomaji wa Kijerumani katika kumbukumbu zake. Lakini haielezi kwa nini alimhitaji rafiki wa Unguja. Kumbukumbu za mwaka 1886 hazikuwa na mwandikiwa, na zilisimama bila yeye. Aliyetaka kueleza Unguja kwa Wajerumani hakuwa na haja ya barua. Aliyetaka kueleza Ujerumani kwa Unguja alihitaji mtu wa Unguja wa kuelezwa, na wa kweli walikuwa wamenyamaza.

Tafsiri inayopendekezwa hapa ni kwamba Salme alichukua kanuni ya barua ya nyumbani na kuijaza mwenyewe nusu zote mbili. Sauti ya mwandishi ni yake. Msikilizaji anayeshangazwa na baridi, anayeelewa bila kufafanuliwa maana ya kukosa mwadhini alfajiri, ni sauti aliyomtungia rafiki. Kwa njia hii kimya cha mwandikiwa kiligeuka kuwa chanzo cha utunzi. Barua iliyojibiwa hukamilika na kuwekwa sandukuni. Isiyojibiwa huendelea kutafuta msomaji hadi impate, hata baada ya mtunzi wake kufa.

Nani alichapishwa, nani alihifadhiwa

Ulinganisho na barua za wageni waliokaa pwani wakati huohuo unasaidia kuona lililo hatarini. Rebecca Wakefield, mke wa mmisionari wa Kimethodisti wa Ribe, alifariki huko mwaka 1873. Miaka michache tu baadaye ndugu yake alitoa Uingereza kumbukumbu zilizojengwa kwa barua zake. Edward Ropes kijana, wakala wa biashara kutoka Salem, aliwaandikia jamaa zake kutoka Unguja kati ya mwaka 1882 na 1892. Barua hizo zilichapishwa mwaka 1973. Barua hizi zilivuka bahari, zikapokelewa, zikajibiwa, zikatunzwa na jamaa waliojua thamani yake. Zilikuwa na nusu zake mbili.

Nyaraka za watu wa pwani zilipata bahati nyingine. Zilizohifadhiwa kwa wingi ni zile zilizopita mikononi mwa serikali, na kwa hiyo zimepangwa kufuatana na haja za serikali: uasi, mpaka, deni, mtumwa aliyetoroka. Mtafiti anayefungua majalada ya Unguja au Nairobi humkuta mtu wa pwani anapoiandikia dola au anapoandikwa nayo, na ni nadra kumkuta akimwandikia mama yake. Kutokana na hali hiyo imejengeka dhana kwamba nathari ya Kiswahili ya karne hiyo ilikuwa ya siasa na biashara tu, na kwamba hisia zilikuwa kazi ya ushairi. Dhana hiyo imetokana na kabati la kuhifadhia, haikutokana na watu. Uthibitisho mmoja ulipatikana baadaye, upande wa pili wa mpaka wa 1886. Shaaban Robert, aliyezaliwa karibu na Tanga mwaka 1909, alimwandikia ndugu yake Yusuf Ulenge barua kwa miaka mingi. Ndugu alizitunza, na M. M. Mulokozi akazihariri na kuzitoa mwaka 2002. Katika barua hizo salamu, pesa, maradhi na uandishi wa vitabu vinakaa pamoja bila kutengwa. Zimetufikia kwa sababu moja tu: mwandikiwa alitimiza nusu yake.

Kikoneni: salamu isiyoandikwa

Bado limebaki swali la Kikoneni. Wadigo wa bara ya pwani ya kusini walikuwa na uhusiano wa siku nyingi na miji ya Vanga, Wasini na Gazi, wa biashara, ndoa, vita na dini. Utafiti wa David Sperling juu ya kuenea kwa Uislamu miongoni mwa Mijikenda unaonyesha kwamba dini hiyo ilienea miongoni mwa Wadigo katika karne ya kumi na tisa na mwanzo wa karne ya ishirini. Pamoja na dini kulikuja chuo, na pamoja na chuo kulikuja hati. Kabla ya hapo, na hata baadaye kwa walio wengi, salamu ilikwenda kwa mdomo. Mjumbe alifundishwa maneno, akayabeba, akayatamka mbele ya waliokusudiwa, akarudi na majibu. Mambo yote ya barua yamo humo isipokuwa karatasi, na pengine kwa ukamilifu zaidi, maana mjumbe harudi bila jibu. Kwa kipimo cha methali, salamu ya mdomo ilikuwa zaidi ya nusu.

Hati ilipofika ilileta neema, lakini ilileta na ugumu wake. Wadigo kwa jadi walihesabu urithi kwa upande wa mama, na mjomba alikuwa na nafasi kubwa kwa mtoto wa dada yake. Anwani ya barua ya pwani humtambulisha mtu kwa baba na babu. Mtu wa bara aliyekwenda kwa mwalimu ili aandikiwe waraka kwa mjomba wake alilazimika kwanza kuitwa bin fulani, kwa jina la upande ambao jadi yake haikuupa uzito wa kwanza. Hivyo fani ya barua ilikuwa ikifundisha aina mpya ya udugu katika mstari wake wa kwanza, kabla habari haijaanza. Mvutano baina ya urithi wa upande wa mama na sheria ya Kiislamu ya mirathi, ulioendelea kwa miaka mingi katika Udigo, ulikuwa na sura yake ndogo katika kila anwani.

Nje kabisa ya hadhira hiyo walikuwapo wengine. Waliouzwa utumwani wakavushwa bahari, iwe kwenda Uarabuni au, kutoka Kilwa na Msumbiji, kuvuka Atlantiki kwenda Brazili na Kuba, hawakuwa na mwalimu wa kuwaandikia wala nahodha wa kuwabebea. Merikebu ziliwachukua wao wenyewe na hazikuchukua salamu zao. Utanzu wa barua ya jamaa, uliopita katika bahari zilezile, una mpaka wake hapo. Mhakiki anayeusifu utanzu huo hana budi kuutaja mpaka huo.

Hitimisho

Makala haya yamejaribu kuonyesha kwamba barua ya jamaa ya pwani, katika karne ya kumi na tisa, ilikuwa tendo la watu wawili au zaidi, na kwamba maana yake ilikamilishwa na majibu. Kwa kanuni hiyo, uamuzi wa Mbaruk wa Gazi mwaka 1895 unasomeka kuwa ni jibu kwa salamu ya ndugu, na kimya cha Barghash kinasomeka kuwa ni tamko. Barua za Nyumbani za Salme nazo zinaweza kudaiwa na fasihi ya pwani hata kama zimeandikwa kwa Kijerumani, kwa kuwa upungufu unaozisukuma ni upungufu wa kipwani: salamu iliyokosa mwitikiaji.

Katika mitaala ya fasihi barua huingizwa kwa kawaida kupitia riwaya, na mara nyingi kwa mfano wa riwaya ya Mariama Bâ ya mwaka 1979, inayojulikana kwa Kiswahili kama Barua Ndefu kama Hii. Humo mwanamke wa Senegali anamwandikia rafiki yake aliyekwenda kufanya kazi ng'ambo ya Atlantiki. Mfano huo ni mzuri. Lakini mwanafunzi wa Msambweni au Kikoneni hana haja ya kuanzia Dakar. Katika masanduku ya jamaa za pwani ya kusini zimo karatasi zilizokunjwa, zenye hati ambazo wajukuu wengi hawawezi tena kuzisoma. Kila mzee msomaji wa hati hizo anapofariki, barua kadhaa hurudi kuwa kimya. Kuzisoma kwa sauti mbele ya jamaa wenyewe, pamoja na salamu zake zote na orodha zake zote, ni kazi ya uhakiki. Ni pia njia ya kuzijibu, ingawa kwa kuchelewa.